Wimbo wa Korido

Belise mwanangu,

Nakuandikia nikiwa huku chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Nimeandikisha mashine mbili tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na jirani wa ghorofa ya tatu ameshachungulia mara moja kuona kama nitamaliza mapema. Nimemwambia simalizi mapema. Nguo zako za kwenda Osaka zinazunguka, wewe uko mjini unaagana na wenzako, na mimi nina daftari, kalamu mbili na saa tatu ambazo hakuna mtu wa kuninyang'anya.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayoweza kuisoma sote wawili bila kusaidiwa. Kirundi unakisikia lakini hujawahi kukiandika. Kiswidi changu kinafaa kujaza fomu na kumjibu msimamizi wa kazi. Kiswahili nilikiokota kambini Kigoma nikiwa na wewe mgongoni, na wewe ulikipata shule hapa Rågsved, Stockholm, saa moja kwa wiki, kwa yule mwalimu Mkenya uliyekuwa ukimkimbia. Leo nashukuru kwamba nilikuwa nakurudisha darasani kwake kwa kukushika mkono.

Kuhusu paspoti, soksi, dawa za tumbo na nani wa kumpigia ukifika, sitasema kitu. Una miaka ishirini na miwili. Kijapani umejifundisha mwenyewe kabla chuo hakijakufundisha, na nafasi ya masomo huko Osaka umeipata bila mimi kujua hata ulijaza fomu lini. Mtu wa namna hiyo haambiwi akunje blauzi vipi. Ninachotaka kukuandikia ni ule wimbo, na unajua ni upi. Miaka sita tumeutaja nyumbani mara moja tu, wiki mbili zilizopita, na tunaishi vyumba viwili.

Nianze na yale unayoyajua, ili uone kwamba nami nayakumbuka vilevile.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ile kompyuta nzito waliyonipa kazini walipokuwa wanataka kuitupa ilikuwa chumbani kwako, na uliijaza bendi zako za Kijapani. Ulikuwa unazichoma kwenye sidii na kuandika juu yake, kwa kalamu nene, herufi zilizokaa kama vijumba vya ndege. Mimi niliziita kelele. Bendi moja ya vijana wanne uliipenda kuliko zote, na wimbo wao mmoja uliupiga mpaka nikajua utaanza lini kwa kusikia tu kiti chako kikisogea. Gitaa lilianza peke yake, likapanda ngazi tatu na kushuka moja. Ngoma zikachelewa kidogo. Halafu kijana akaanza kuimba kama mtu anayegombana na mwenye nyumba. Nilikuwa nagonga ukuta kwa mwiko, nawe unapunguza, unasubiri vitunguu vyangu vianze kulia kwenye mafuta, unaongeza tena. Ulidhani sijui. Nilikuwa najua, nikawa nakasirika na kukaanga.

Wakati ule nilikuwa nasafisha zile ofisi za Kista, ghorofa ya nne na ya tano, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Korido ya ghorofa ya nne ni ndefu, haina dirisha, na ukipiga deki unasikia pumzi yako mwenyewe. Asubuhi moja sauti ikanijia. Nakuapia, Belise, ndivyo nilivyoiona siku ile: ilikuja yenyewe, nikawa naisukuma na deki, mbele na nyuma, mpaka nikafika mwisho wa korido na beti mbili mkononi. Maneno yalikuwa juu ya Mungu anayefungua milango, maana nilikuwa na funguo arobaini kiunoni. Kwenye treni, kutoka Kista hadi mjini, niliyaandika nyuma ya ratiba ya kazi. Nililia mbele ya watu. Mswidi mmoja alihama kiti.

Wewe unajua utaratibu wetu kanisani, lakini acha niuandike, maana ndio ulioniponza. Wimbo mpya haupokelewi hivi hivi. Mtunzi husimama kwanza ashuhudie ulivyomjia: alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini, alifunga siku ngapi. Watu husikia ushuhuda kabla hawajasikia wimbo, na kusema kweli ushuhuda mtamu umepitisha nyimbo mbovu kadhaa ambazo tumeziimba kwa adabu. Mimi nilisimama nikasema Roho alinikuta ghorofa ya nne, na deki mkononi, akanipa. Watu wakapiga vigelegele. Tangu siku ile hawakuuita jina lake. Waliuita wimbo wa korido.

Wewe ulikuwa unapiga gitaa kwenye kwaya, lakini wiki mbili hukuja mazoezini kwa ajili ya mitihani. Kwa hiyo Jumapili ile ndiyo uliusikia kwa mara ya kwanza. Niliinua mkono, soprano wakaanza, na nikakuona ukiweka kiganja mdomoni. Ulikuwa unacheka. Kisha ukachukua gitaa na kuupiga kuanzia mwanzo, ngazi tatu juu, moja chini, bila kukosea hata mahali pamoja. Kanisa lilichanganyikiwa. "Mtoto hajafundishwa!" watu wakapaza sauti. "Hajafundishwa huyu!" Wengine walianguka magotini. Nami niliinua mikono nikamshukuru Mungu kwa muujiza wa pili, mjinga mimi.

Baadaye, kwenye chai, Mama Esther alikukumbatia. Ni mwenyekiti wa kwaya na ni mtu wa kupenda kujua. Akakuuliza, "Binti, nani alikufundisha?" Ukajibu kwa furaha, mdomo umejaa sambusa, kwa Kiswidi kwanza halafu kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie: "Ni wimbo wa bendi yangu! Mama ameuwekea maneno ya Mungu. Ni mzuri kuliko hata wao walivyouimba."

Nataka ujue kwamba nakumbuka hiyo sentensi ya mwisho. Wengine wote waliisahau. Hukuja kuniumbua. Ulikuwa unajivuna na mama yako.

Na mimi, mbele ya birika la chai na watu thelathini, nilisema, "Mtoto huyu anadanganya."

Yaliyofuata unayajua. Wazee walikaa Jumatatu. Vitenge vya kwaya vilikuwa vimeshanunuliwa, wageni wa Oslo walikuwa wamealikwa, na video ilikuwa ipigwe mwezi ule kule kwenye chemchemi ya bustani, pamoja na lile gari la kuazima ambalo sijui lina uhusiano gani na wokovu. Wakaamua kwamba umemsingizia Roho, na kwamba Jumapili utasimama utubu. Nilikuletea habari hiyo jikoni. Ulisema, "Mamma, jag ljuger inte." Halafu, ili nisije nikasema sikuelewa, ukarudia kwa Kiswahili: "Mama, sidanganyi." Nikakwambia uoshe vyombo.

Ulisimama Jumapili na ile blauzi nyeupe. Ulisema maneno waliyokuandikia, polepole, kama mtoto anayesoma kitabu cha darasa la kwanza. Ukatia gitaa kwenye mfuko wake, ukafunga zipu, ukatoka, na mpaka leo hujarudi.

Sasa nakuja kwenye jambo usilolijua. Nimeondoka kidogo kwenda kuhamisha nguo kwenye kikaushio, na nilichukua muda mrefu kuliko nguo zenyewe zilivyohitaji.

Jumatano ya wiki ile, baina ya chai na blauzi nyeupe, ulikuwa shuleni. Nilirudi kutoka Kista mapema nikaingia chumbani kwako. Kile kicheza muziki chako kidogo kilikuwa juu ya mto. Nikavaa vile vidude vya masikioni, nikabonyeza ovyo ovyo, sikuwa najua kukiendesha, mpaka gitaa likaanza. Nikakaa kitandani kwako na viatu miguuni. Niliusikiliza hadi mwisho, nikaurudia. Kila kitu kilikuwamo. Hata pale ninapowafanya soprano wasubiri pigo moja kabla ya kuingia, pale ambapo Mama Esther alikuwa anasema hakuna mtunzi mwingine Skandinavia mwenye sikio kama langu, alikuwa ni yule mpiga ngoma wenu aliyechelewa. Sikuwa nimetunga hata noti moja. Wimbo ulikuwa umepita ukutani mwaka mzima ukaingia ndani yangu pamoja na moshi wa vitunguu, na siku ulipotoka nikauita Roho.

Kwa hiyo nilijua, Belise. Nilijua Jumatano, na wewe ulisimamishwa Jumapili. Katikati palikuwa na Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na siku zote hizo nililala, nikala, nikaenda kazini.

Miaka yote hii wewe umedhani mama yako ni mkaidi asiyejua muziki. Umenivumilia kama mtu anavyomvumilia mama mshamba. Nimekuacha ufikiri hivyo kwa sababu ilikuwa nafuu kwangu. Mshamba husamehewa upesi.

Usinitafutie sababu nzuri, maana nakujua, utajaribu. Utasema vita, utasema kambi, utasema mjane katika nchi ya baridi. Acha. Sababu ni hii: Kista nilikuwa yule mama wa ndoo. Watu wa ofisi zile ni wapole, wananiamkia, wanainua miguu nikipita na deki, na kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Kanisani nilikuwa mtunzi. Mtu alisafiri kutoka Oslo na kinasa sauti chake kuja kukaa mbele yangu na kuniuliza nyimbo zinanijiaje. Nilipima: ama nishuke mimi, ama apige magoti mwanangu. Nikakuchagua wewe. Ulipomaliza kutubu watu walipiga makofi, na mimi nilipiga nao.

Mashine imelia. Ngoja nikunje mashuka.

Nimerudi. Jirani yule amechungulia tena, nikamtazama mpaka akafunga mlango.

Unakumbuka bendi yako ilipokuja kupiga hapa Stockholm? Ulikuwa na miaka kumi na minane, nikakukataza, ukaniambia unakwenda na ukaenda. Nilikufuata. Hilo nalo hujui. Nilisimama upande wa pili wa barabara, karibu na kituo cha basi, na skafu imenifunika mpaka pua. Nilitegemea kukuta bangi na wahuni. Nikakuta foleni ya vijana wamekaa chini juu ya mablanketi tangu asubuhi, kwenye baridi ile ya kuvunja meno. Wamejipaka wanja mweusi hadi wavulana, na wanapokezana chai kwenye chupa. Watoto wa Kiswidi, wa Kiajemi, wa Kisomali, na mwanangu katikati. Ulikuwa unawatafsiria kitu kutoka kwenye karatasi, kidole chako kinatembea juu ya zile herufi, na ulikuwa unacheka. Nyumbani kwangu ulikuwa hujacheka miaka miwili. Nilisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, nikarudi nyumbani. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Nilitamani kuwa kwenye lile blanketi.

Wiki mbili zilizopita, ukiwa unapiga pasi, nilikuuliza wimbo ule wa zamani unasema nini. Niliona pasi inasimama. Ulinitazama kama mtu anayetaka kujua kama huu ni mtego. Kisha ukaniambia, bila kuinua macho, kwamba ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anaishi chumba kidogo cha kuenea mikeka minne tu, anafanya kazi dukani, na kila Jumapili mama yake humpigia simu kumuuliza kama amekula. Naye husema nimekula. Hajala. Halafu anaimba kwamba hajashindwa bado, na anairudia mpaka sauti inakatika. "Zote ziko hivyo, Mama," ulisema. "Ni nyimbo za watu wa umri wangu. Kodi ya nyumba, treni ya mwisho, kazi ya kibarua, mtu aliyekuacha. Hakuna mtu mkubwa ndani yake. Wanapiga kelele tu ili wasikubali." Ukaendelea na pasi.

Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili usinisikie.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, kambini, wewe ulikuwa na miaka miwili na baba yako tulikuwa tumemzika tayari. Mama yangu alibaki Burundi, na mara moja moja mfanyabiashara alikuwa anavuka na barua. Nilimwandikia kwamba tumekula nyama Jumapili. Tulikuwa tumekula uji, tena nusu kikombe, na wewe ndiye uliyekula. Nilimwandikia kwamba nimepata nyumba nzuri. Ilikuwa turubai. Sikuandika uongo ule kwa sababu ya aibu. Niliandika kwa sababu nilikataa. Nilikataa watu walionifukuza kwetu wanifanye pia niwe mtu wa kuhurumiwa na mama yangu. Na hapa, baada ya miaka ishirini, mwanangu anashika pasi na kunieleza kwamba vijana wanne wa nchi ambayo siwezi hata kuionyesha kwenye ramani walikuwa wameutunga ujana wangu, wakautia gitaa, na ukapita ukutani. Ndiyo maana ulinishika. Haukuwa wa Roho na haukuwa wangu, lakini ulikuwa unanijua.

Ndipo nikaamua.

Jumapili iliyopita wewe ulikuwa umelala, ulirudi alfajiri. Mimi nilivaa kitenge cha kwaya nikaenda. Tulipoitwa kuimba wimbo wa korido, kwaya ikasimama, nami nikasimama mbele yao kama kawaida, lakini sikuinua mkono. Niligeuka nikawatazama watu. Nikasema wimbo huu ni wa bendi ya vijana wa Kijapani. Nikasema mwanangu aliwaambia hivyo miaka sita iliyopita. Nikasema nilijua kwamba anasema kweli siku nne kabla hamjamsimamisha, nikanyamaza, kwa hiyo aliyesimama hapa kutubu uongo hakuwa na uongo wowote, na mwongo alikuwa amekaa safu ya mbele anapiga makofi.

Mama Esther akanishika kiwiko. "Mama Belise, ikala chini. Batu banatuangalia," akaninong'oneza kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu. Nikamwambia ndiyo, nataka waniangalie.

Mchungaji akasimama, sauti yake laini kama siku zote. "Mama Belise, mambo haya tutayazungumza ofisini."

"Mchungaji," nikasema, "mtoto wangu hamkumpeleka ofisini. Mlimsimamisha hapa. Mimi pia nasema hapa."

Nikasema jina lako. Nililisema lote, la nyumbani na la baba yako, kama wanavyolisoma kwenye vyeti. Kisha nikashuka. Nilitembea katikati ya viti mpaka nyuma kabisa na nikakaa hapo. Ibada iliendelea. Nadhani walihubiri juu ya utii. Sikusikiliza.

Jumanne waliniita. Wameniondoa kwenye uongozi wa kwaya, na kwa miezi sita nikae viti vya nyuma, nisiimbe wala kuomba kwa sauti. Nilikubali, ni haki. Lakini wakataka jambo la pili. Walitaka nitubu kwa kuingiza wimbo wa dunia madhabahuni, niseme mbele ya watu kwamba ni wa shetani, na kwamba kila aliyeuimba ajitakase. Hapo nilikataa. Niliwaambia: uongo nimetubu, wimbo situbu. Tuliuimba kwenye maziko ya yule mtoto wa mwezi mmoja kule Akalla, na mama yake, aliyekuwa hajasema neno siku tatu, alifungua mdomo akaimba nasi. Leo mnataka niende kumwambia yule mama kwamba alifarijiwa na shetani? Mwendeeni ninyi. Wakasema nina kiburi. Nikasema ndiyo, ninacho, ila zamani nilikitumia vibaya.

Mama Esther alinifuata mpaka kituoni. Nilidhani anakuja kunisema. Alisimama pale anahangaika na mkoba wake, halafu akauliza kama itabidi waandike jina la ile bendi kwenye jalada la video, na wataliandikaje na herufi zile. Nikamwambia nitazinakili kutoka kwenye sidii zako. Akacheka, na mimi nikacheka, wanawake wawili wazima kwenye jukwaa la treni. Yeye si mtu mbaya. Watu wengi waliokupigia makofi siku ile si watu wabaya, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kwa hiyo mama yako hana cheo tena. Ndoo ninayo, na kiti cha nyuma. Nimelala vizuri juma hili kuliko miaka sita iliyopita, basi usinionee huruma, nitakasirika.

Nina neno moja tu la kukupa, nalo nimelilipia kwa kukupoteza ukiwa chumba cha pili. Utafika huko, utakuwa peke yako kwenye behewa zima lenye watu wasiofanana na wewe, utakosea lugha, utakosea viatu mlangoni. Makosa hayo omba radhi na uendelee. Lakini siku moja mtu atakutaka uombe msamaha kwa jambo ulilosema kweli, ili yeye abaki pale alipo. Kataa. Kataa hata akiwa mwalimu wako, hata akiwa mume. Na zaidi ya wote kataa akiwa ni mtu unayempenda, kwa sababu mgeni hawezi kukufanya ujiseme vibaya mwenyewe. Nguvu hiyo tunawapa watu wetu, na mimi niliitumia.

Na usiniambie umekula kama hujala. Mimi nimewahi kuandika barua za namna hiyo, nitazitambua. Niambie una njaa, niambie wamekufukuza kazi ya kibarua, niambie umekosa treni ya mwisho na umetembea. Sitaweza kufanya lolote nikiwa Rågsved. Nitajua tu, na kwangu hilo ni kubwa.

Nguo zimekauka. Nimezikunja nilivyozoea, ukitaka uzikunje upya.

Nilifikiri kuitia barua hii kwenye begi lako, chini ya masweta, uikute ukiwa angani. Ndivyo wazazi wengi wanavyofanya, na ni ujanja, maana mtoto aliye angani hawezi kukujibu. Mimi nitakupa mkononi ukirudi, kabla hatujala. Isome ukiwa umekaa mbele yangu. Ukikasirika nataka nione. Ukitaka kupiga kelele, piga, kwa Kiswidi, kwa Kijapani, kwa lugha yoyote itakayokutosha.

Msamaha sikuombi, Belise. Nimeona jinsi mtu anavyosukumwa mbele kusema neno ambalo halimo moyoni mwake, na nimeona makofi yanayofuata. Sitakufanyia hivyo mara ya pili. Ukiwa nao siku moja, utasema mwenyewe, kwa wakati wako. Usipokuwa nao, utabaki mwanangu na nitabaki nikidaiwa, nami nitaishi hivyo bila kulalamika. Kesho ukitaka nikusindikize uwanja wa ndege, viatu vyangu viko mlangoni. Ukitaka kwenda peke yako, sema tu "peke yangu," na wala usinieleze kwa nini.

Ni mimi mama yako, niliyejua.